Ukuta wa Miguu Iliyorudi

3 Februari

Dada Nyundo,

Kaa kitako kwanza, na Mama naye mwite akae, maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja. (Samahani, nimesahau kazi yako. Lakini ukicheka dhambi yangu inapungua.)

Bahati imenivamia, dada yangu. Imenivamia mchana kweupe kama mwizi aliyechanganyikiwa, badala ya kuchukua analeta. Ile Tuzo ya Ubora wa Kudumu uliyoniandikia kwamba karakana yenu imeingizwa kuigombea, hoteli yetu ilishaipata mwaka jana! Na aliyepanda jukwaani kuipokea ni nani? Ni mimi, mdogo wako Tarumbeta, niliyeacha shule darasa la saba huku Mwalimu akisema nitaishia kuongea tu. Mwambie nimeishia kuongea kweli, ila siku hizi naongea kwenye kipaza sauti. Sasa hivi mimi ndiye meneja wa ukumbi.

Ungeona ukumbi ule! Vitambaa vya meza vimenyooshwa mpaka nzi anateleza. Kila kiti kimefungwa riboni nyuma, na fundo liko upande wa kushoto, maana likikaa katikati mgeni akiegemea linamchoma mgongo. Kati ya kiti na kiti unaacha nafasi ya mhudumu kupita kwa ubavu, la sivyo bosi anapakwa mchuzi. Meza ya mviringo hainyanyuliwi, unailaza kwa ukingo unaiviringisha kama tairi. Hotuba nazo zilikuwepo, nzuri sana, ndefu.

Sasa nisikilize, maana nakupa siri za waliofanikiwa. Tuzo hii haimfuati aliyeng'aa mwaka mmoja akazimika. Wanampa aliyefanya vizuri miaka nenda miaka rudi bila kuchoka. Ninyi mnastahili kuliko sisi, kwa sababu sisi tunalaza watu, ninyi mnawasimamisha. Lakini ule ukuta wenu wa mapokezi, wenye miguu ya bandia mibovu inaning'inia kama bucha, nakuomba kwa magoti yote mawili, uondoeni. Mkaguzi akiingia akakutana na ule ukuta, atageuka hapo hapo.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie mwanawe amenenepa.

Mdogo wako,
Tarumbeta, Meneja wa Ukumbi


13 Februari

Mdogo wangu Tarumbeta,

Mama hajambo, ila tangu barua yako ifike hatulali kwa raha. Kila anayepita mlangoni anaitwa asikie mwanawe alivyopanda jukwaani. Muuza maziwa amesikia ile sehemu ya riboni mpaka ameikariri. Hongera, mdogo wangu. Nasema bila mzaha, nimefurahi sana.

Nilipiga simu hotelini nikupongeze kwa mdomo. Aliyepokea akaniuliza, "Tarumbeta yupi, yule wa viti?" Nikamwambia hapana, meneja wa ukumbi. Akacheka, akacheka, simu ikakatika. Huko kwenu watu wana furaha.

Kuhusu ukuta, wewe uliondoka kabla sijashika uongozi wa karakana, ndiyo maana unauona kama uchafu. Mguu ukirudi kabla ya wakati wake, umepasuka au unambana mtu kigutu mpaka anatoka malengelenge, tunaupigilia pale mapokezi, na chini yake tunaandika kwa rangi jina la fundi aliyeutengeneza. Asubuhi yake fundi anasimama mbele ya wenzake, anasema alikosea wapi. Halafu wiki nzima anapika chai ya karakana nzima, na chai hiyo lazima isemwe vibaya hata ikiwa tamu. Mgonjwa akiingia, anaangalia ukuta kabla hajaniangalia mimi. Juzi mama mmoja alisema, "Yule Brashi simtaki, ana mitatu pale juu." Brashi akamjibu, "Mama, nimeshakosea mara zote tatu, nimebakiza kosa gani tena? Njoo kwangu!" Na akaenda kwake.

Lakini safari hii naogopa, sikufichi. Mkurugenzi wa hospitali anavitaka vyumba vyetu aweke duka la dawa. Alisimama mbele yetu sote akasema tukipata tuzo, vyumba ni vyetu na hatatugusa tena. Tukikosa, tunahamia nyuma, kwenye chumba cha jenereta. Kule hapaingii hata vile vyuma viwili vya kushikilia, vya kujifunzia kutembea. Mtu atapigia wapi hatua yake ya kwanza, juu ya jenereta?

Wakaguzi wanakuja mwanzoni mwa Aprili. Wewe umeshapita njia hii. Niambie ukweli, kwenu waliangalia nini?

Dada yako,
Nyundo


21 Februari

Dada Nyundo,

Kwanza tuondoe wingu. Yule wa viti ni mtu mwingine kabisa, tumegongana jina la utani. Ni jamaa mpole, mchapakazi, hana makuu. Usimcheke.

Umeuliza waliangalia nini. Mkaguzi anakula kwa macho, dada! Sisi kabla hawajafika tulikusanya kila kiti chenye mguu mbovu, kila sahani yenye ufa, tukavishusha vyote chumba cha chini, tukafunga, na ufunguo nikautia kwenye soksi. Walipita wakaona mng'ao mtupu. Mmoja aliniuliza, "Hamvunji vyombo hapa?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, hapa vyombo vinatuogopa." Akaandika!

Ukweli ni kitu kizuri, sikatai, lakini una mahali pake. Ukienda ukweni huvai nguo iliyotoboka makalioni eti kwa sababu wewe ni mkweli. Teremsheni miguu yote, pigeni ukuta rangi, pangeni kitu cha kupendeza. Wakishaondoka, rudisheni makosa yenu mkipenda, myapake na mafuta.

Halafu jambo tamu nililokuwekea la mwisho: kwenye sherehe, mshindi wa zamani ndiye anayemkabidhi mshindi mpya. Hebu piga picha. Wewe unapanda ngazi, mimi niko juu na ile tuzo ya kioo mkononi. Mama amekaa mbele. Ukiacha ukuta ule ukukoseshe siku hiyo, sitakusamehe mpaka uzeeni, na uzeeni nitakuwa nimesahau kukusamehe.

Tarumbeta wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Tumeuteremsha. Niliwaambia mafundi kwamba ndugu yangu ana tuzo na anajua anachosema. Hakuna aliyebisha, na hilo ndilo limenitia wasiwasi, maana hawa hubishana hata kama leo ni Jumanne. Mama alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia, Mama, wewe una methali, Tarumbeta ana tuzo.

Brashi ameupaka ukuta rangi ya maziwa. Rangi nyingine ikabaki, ya ngozi, akaona kuitupa ni dhambi. Akaipaka ile miguu yote iliyoteremshwa, akaipanga kwenye kabati la kioo pamoja na miguu ya akiba ya wateja wetu wa siku zote. Inang'aa kama viatu dukani. Siwezi kusema uongo, inapendeza.

Kitu kimoja tu. Zamani chai alikuwa anapika mwenye kosa. Sasa hakuna mwenye kosa, kwa hiyo hakuna chai.

Nyundo


11 Machi

Dada Nyundo, mshindi mtarajiwa,

Hapo sasa! Nimesoma barua yako nikarusha kofia juu, ikanasa kwenye feni. Huyo Brashi mpandishe cheo, ana akili ya kimataifa.

Bado mambo madogo madogo. Mlangoni wekeni maua, hata ya plastiki, mkaguzi hanusi. Pulizeni marashi kidogo ile harufu ya gundi ipotee. Mafundi wafunge vifungo vyote vya makoti na wasiongee kabla ya kuulizwa, hasa Brashi. Wewe vaa lile gauni la bluu, usiende na aproni kama unauza samaki.

Chai nunueni ya chupa, tatizo liko wapi?

Meneja


12 Machi

Tarumbeta,

Mwalimu ameanguka.

Ni yeye yule aliyetufundisha sote wawili. Alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na tangu hapo anatembelea miguu yetu. Jumatatu alileta mguu wake tubadilishe mkanda. Huwa tunamweka kwenye ule wa akiba mpaka wake upone. Nilifungua kabati nikatoa mguu wenye kipimo chake, nikamfunga kwa mikono yangu mwenyewe. Akatembea kati ya vyuma, akaniambia, "Huu mwepesi, umeutia nini?" Tukacheka, akaenda zake.

Haukuwa ule wa akiba. Ulikuwa mguu wake wa zamani, uliorudi na ufa kwenye kifundo. Ulikaa ukutani miaka, kila mtu humu ndani anaujua, hata mfagiaji angeniambia, "Dada, huo ndio ule wa Mwalimu." Lakini ulikuwa umepakwa rangi. Ufa haukuonekana, jina la fundi limefunikwa, uko katikati ya mizima.

Kifundo kilikatika kwenye ngazi za shule, wanafunzi wakimwangalia. Amevunjika mkono wa kulia, ule wa kuandikia ubaoni. Nilipofika wodini hakuningoja nimpe pole. Akaanza yeye: "Nyundo, ukuta uliupeleka wapi?"

Mkurugenzi ameshasikia. Jana nimekuta mtu wake anapima mlango wetu kwa futi.

Sikulaumu wewe. Funguo za karakana ninazo mimi. Lakini nataka nijue, mdogo wangu, kwenu mlipovificha vile vyombo, hakuna aliyeumia?

Nyundo


20 Machi

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Wewe ulikuwa wodini, mimi nakufundisha kupuliza marashi. Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya kreti huku nyuma ya jikoni, na wenzangu wameniuliza nani kafa.

Mpe Mwalimu pole yangu. Mwambie yule mtoro wa hesabu anasema pole. Hapana, usimwambie hivyo, atafikiri nafanya mzaha. Mwambie tu pole. Nimemtumia kofia ya jua na kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni kisichokata ngozi, nimekikunja kwa mkunjo wa pembe tatu ambao haulegei.

Rudisha ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya chai. Wakaguzi waseme watakalosema, wewe rudisha. Na ule mguu wa Mwalimu uandike jina langu. Mimi sijui hata kushika tupa, lakini mguu ule nimeutengeneza mimi, nimeutengeneza kwa mdomo.

Umeuliza kama kwetu hakuna aliyeumia. Hakuna. Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia hapa, lakini karatasi imeisha.

Tarumbeta


8 Aprili

Mdogo wangu,

Karatasi yako imeisha na upande wa nyuma mzima mweupe? Haya, utaniambia ukipata nyingine.

Ukuta umerudi. Tuliikwangua rangi yote kwa msasa, mguu mmoja mmoja, kila fundi ameshika wa kwake. Jina lako sikuliandika. Ukuta ule ni wa mafundi, na wewe huna sifa za kuning'inia pale. Chini ya mguu wa Mwalimu nimeandika NYUNDO, tena kwa herufi kubwa, na nimeutundika mbele ya mlango kabisa.

Nikasimama asubuhi nikasema kosa langu. Wiki hiyo nikapika chai. Unajua mafundi hawana huruma. Brashi alionja, akaitema kwenye ndoo, akasema, "Mkuu, hii chai nayo ipigiliwe ukutani."

Basi siku ya wakaguzi wamefika watatu, mimi nimeshika birika, aproni imelowa. Mkubwa wao, mama mmoja wa miwani, akaniambia kwa upole, "Mama chai, tuitie mkuu wa karakana." Mafundi wote wakainama chini kutafuta skrubu ambazo hazikuanguka. Nikaweka birika chini nikasema, "Ndiye mimi." Akauliza kwa nini mkuu anapika chai. Nikamwonyesha ukuta, nikamweleza yote, na la rangi pia. Sikuruka kitu.

Mwalimu alikuwepo, amekuja kufungwa mkanda, mkono umening'inia kwenye kile kitambaa chako. Akaulizwa, "Wewe uliyeumia, bado unakuja hapa?" Akajibu vile vile anavyojibu darasani: "Niliwahi kwenda karakana nyingine. Haikuwa na ukuta, nikadhani hawakosei. Kumbe walikuwa na stoo."

Waliandika sana. Mama wa miwani alipokuwa anatoka alionja chai, akakunja uso. Sijui ndiyo maksi tulizopata.

Sijui kama nimeokoa vyumba au nimevizika. Usiku nahesabu vitu vitakavyoingia kwenye chumba cha jenereta, na kila nikipanga, vile vyuma vinabaki nje kwenye mvua.

Dada yako,
Nyundo


5 Mei

Tarumbeta! Tarumbeta!

Tumepata! Si daraja la kwanza. Wametuandikia wazi kwamba tungelipata, lakini kwa ajili ya Mwalimu na ile rangi wametushusha la pili. Ni haki yao, hata mimi ningetushusha. Lakini ni Tuzo ya Ubora wa Kudumu, jina la karakana limeandikwa pale, na chini yake wameandika "kwa kujikosoa hadharani kwa miaka yote". Brashi ameisoma, akaenda chooni, akarudi macho mekundu, akasema ni msasa.

Mkurugenzi alikuja kuuliza kama daraja la pili linahesabika. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ulisema tuzo, hukusema daraja, na wote hawa walikusikia." Akakuna shingo, akakubali. Ameomba tu stoo aweke duka lake dogo la dawa. Nikamwambia achukue hata leo! Mambo ya stoo tumeona yalivyotufanya.

Sasa sikiliza. Sherehe inafanyika huko kwenu, tena kwenye hoteli yenu! Tunakuja wote: mimi, mafundi, Mwalimu na Mama. Mama ameshashona nguo. Nimewaambia wote kwamba mshindi wa zamani ndiye anayekabidhi, kwa hiyo nitapokea kutoka mikononi mwa mdogo wangu. Mwalimu amesema anataka kukaa mbele kabisa, akuone kwenye hicho kipaza sauti, akuombe radhi kwa ule utabiri wake wa darasa la saba.

Mdogo wangu, sikukuambia siku zile za wodini, lakini nilikuwa nataka kuacha kazi. Kitu kilichonishika ni wewe. Nilisema, kama Tarumbeta mtoro amedumu na kazi moja mpaka akaheshimiwa, mimi nani nikimbie?

Tunafika Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Utupokee.

Dada yako mwenye furaha,
Nyundo


12 Mei

Dada Nyundo,

Hongera! Hongera tena! Nimesoma jikoni kwa sauti, mpishi ameacha kitunguu kikaungua. Daraja la pili la kweli ni kubwa kuliko la kwanza la kupaka rangi, na mwambie mama wa miwani nimesema hivyo.

Nimeshaiona ramani ya ukumbi. Meza yenu iko upande wa kulia, mbali na spika, Mama asipate kizunguzungu. Mwalimu nimemwekea kiti cha pembeni kabisa, ili mguu upate pa kunyooka na mhudumu asiukanyage. Kiti chake nimekikalia mwenyewe nikakitikisa, hakichezi. Chako kinaangalia ngazi ya jukwaa. Ngazi ya kwanza iko juu kidogo kuliko nyingine, usiwe na haraka. Njooni kwa mlango mkubwa, msikubali kuelekezwa wa nyuma.

Sasa barua hii usimsomee Mama. Isome peke yako kwanza, halafu utajua mwenyewe utamwambia lini.

Atakayekukabidhi tuzo atakuwa mheshimiwa fulani mwenye tai. Ile habari ya mshindi wa zamani niliitunga, ilikuwa inapendeza. Hakuna sahani zilizoshushwa chumba cha chini. Hakuna mkaguzi aliyekuja kwetu akaniuliza lolote, na soksini sikuwahi kuweka ufunguo. Ushauri wote ule niliutoa kichwani, nao ukaenda kumvunja Mwalimu mkono. Nilipouliza moyo kwa nini nilisema, ukanijibu kwamba wewe uliniandikia habari kubwa ya karakana, na mimi sikuwa na habari ya kukuandikia.

Umesema ulitaka kuacha kazi ukanishika mimi. Dada, usinishike mimi, utaanguka. Hukushikwa na mtu, ulisimama mwenyewe.

Ijumaa nitakuwepo, sitakimbia. Nitakuwa karibu na mlango wa jikoni, koti jeupe, trei mkononi. Mafundi wakinicheka wacheke, nina zamu ya chai. Mwalimu mwambie asiniombe radhi, utabiri wake ulikuwa sahihi.

Hoteli yetu haijawahi kupata tuzo yoyote, ilikodisha ukumbi tu kwa sherehe ya mwaka jana. Mimi si meneja. Yule wa viti ndiye mimi. Jukwaani nilipanda kweli, kabla wageni hawajaingia. Sikupokea kitu, dada. Nilibeba meza.

Mdogo wako,
Tarumbeta